Kijiji Kilichokuwa Juu ya Hekalu

Jirani yangu alizaliwa Delfi. Tulikaa ukuta kwa ukuta miaka mingi kabla sijajua maana ya jina hilo, kwani mie Delfi sikuwahi kuisikia, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Kwangu alikuwa mtu mzima wa Kigiriki wa mlango wa pili, mjane aliyevaa nyeusi kila siku ya Mungu, anayemwagilia makopo yake ya mnanaa kwenye ujia wa fleti zetu za kaunsili, yaani za serikali ya mtaa, hapa Tottenham, London, na anayewagombeza watoto wanaopiga mpira ukutani hata kama ukuta si wake.

Aliyetujuanisha ni pweza. Asubuhi moja ya Jumamosi nilisikia vishindo kutoka kwake, du, du, du, mpaka vikombe vyangu vikalia kabatini. Nikaingiwa na hofu. Mtu anaishi peke yake, nani anampiga? Nikajitupia mtandio nikaenda kumgongea. Akafungua mlango ameshika mti wa kusukumia unga, mikono imelowa mpaka viwikoni, na nyuma yake kwenye sinki nikamwona pweza mzima amelazwa.

"Unataka nini?" akaniuliza kwa Kiingereza chake kikavu.

"Nilidhani unauawa."

"Mimi ndiye ninayeua," akasema.

Nilicheka nikajishika kwenye mlango. Kwetu Pemba hakuna mwanamke asiyejua kwamba pweza asipopigwa hatafuniki, lakini sikutarajia kumkuta Mzungu anayelijua hilo, tena London, tena ghorofa ya tatu. Nikamwambia, "Bibi, unampiga kama unamwonea huruma. Lete hapa." Akanitazama juu mpaka chini, kisha akanipa ule mti.

Tangu siku hiyo tukawa watu wa nyumba moja. Mume wake marehemu alitoka bandari iliyo chini ya mlima wao, ndiyo maana akajua mambo ya pwani. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mlimani. Binti yangu alimwita Yaya, kwani ndivyo Wagiriki wanavyowaita bibi zao. Mie jina hilo lilinishinda. Yaya kwetu ni mtu wa kuajiriwa kulea watoto, na mama yule hakukubali hata umshikie mkoba. Nikabaki na Bibi, naye akaniita mwanangu kwa Kigiriki.

Habari za Delfi zilikuja kidogo kidogo, juu ya kahawa. Palikuwa mahali patakatifu pa Wagiriki wa kale, kabla ya hizi dini zetu. Watu walipanda mlima ule kutoka nchi za mbali, wafalme na watu wa kawaida, kwenda kumuuliza mungu wao kama waingie vitani, kama wasafiri, kama watapata mtoto. Ndani ya hekalu alikaa mwanamke aliyetoa majibu. Kuzunguka hekalu kulikuwa na mji mzima wa hazina, sanamu na uwanja wa michezo. Kisha zama zikapita. Hekalu likafungwa, mawe yakaanguka, mlima ukateremsha udongo wake ukafunika kila kitu. Na juu ya udongo ule watu wakajenga nyumba zao.

Hapo ndipo Bibi alipokuwa akishika kikombe kwa mikono miwili. Watu hao ndio wake. Vizazi kwa vizazi walizaliwa juu ya hekalu bila kuona ajabu. Kipande cha nguzo kilikuwa kizingiti cha mlango. Jiwe lenye maandishi ya kale lilikuwa ukutani jikoni, na masizi ya moto yameyajaza maandishi. Kijiji kilikuwa na kanisa lake, tanuri lake la mikate, makaburi yake, ugomvi wake wa mipaka. Halafu wakaja wataalamu wa mambo ya kale kutoka nchi nyingine ya Ulaya, wana kibali cha serikali. Walitaka kuchimba. Ili wachimbe, kijiji kiondoke.

Bibi yake jirani yangu, aliyemlea, alikuwa msichana mdogo wakati huo. Alimsimulia kwamba wanaume wa kijiji walikwenda kuwanyang'anya wachimbaji makoleo, na wanawake wakasimama milangoni. Wakaletwa askari. Baada ya hapo nyumba zikavunjwa, moja baada ya nyingine, na kwa kuwa watu walihitaji kula, wanaume wale wale wakaajiriwa kusukuma vigari vya chuma kwenye reli ndogo, kubeba kifusi cha nyumba zao wenyewe na kwenda kukimwaga bondeni. Kijiji kipya kikajengwa kando ya barabara, mbele kidogo. Huko ndiko alikozaliwa jirani yangu. Bibi yake mpaka anakufa, akisema "nyumbani", alinyoosha mkono upande wa pili wa mlima, kwenye magofu ambako watalii walikuwa wakipiga picha.

Sitaki mtu afikiri kwamba jirani yangu alikuwa na kinyongo na mawe. Aliyapenda mawe yale. Kuna sanamu ya shaba ya kijana mwendesha gari la farasi iliyochimbuliwa pale, na aliizungumzia kama mtu anayemzungumzia kaka yake mzuri. "Wachimbe," aliniambia. "Nani kasema wasichimbe? Lakini waseme walipochimba palikuwa na nani."

Basi, vuli moja kanisani kwao wakatangaza kwamba jumba moja kubwa la makumbusho katikati ya jiji linafanya maonyesho juu ya Delfi na uchimbuaji wake. Bibi akaja kunigongea na kanzu yake ya kanisani, kana kwamba tunakwenda saa ile ile. Nyonga ilikuwa inamsumbua na ngazi za treni hakuziamini. Mie ni karani wa mapokezi katika kituo cha daktari, nikaomba likizo ya siku moja. Tukashika treni ya Victoria, yeye amekaa, mie nimesimama mbele yake kumkinga na mabegi ya watu.

Vyumba vya mwanzo vilikuwa vizuri, sitasema uongo. Giza, na taa ndogo juu ya kila kitu: mikono ya shaba, vichwa vya simba, vikombe vyembamba kama ganda la yai. Bibi alitembea polepole akisoma kila neno. Chumba cha mwisho kilikuwa cha uchimbuaji. Ukuta mzima ulifunikwa na picha moja ya zamani iliyokuzwa: mteremko wa mlima, nusu nyumba, nusu mashimo, wanaume na vigari vyao, na mlangoni mwa nyumba moja isiyokuwa tena na paa, mwanamke amesimama na mtoto wa kike ameshika sketi yake. Chini yake pameandikwa: *Kijiji kilichokuwa juu ya hekalu kilihamishwa ili kupisha kazi. Wenyeji wakitazama.*

Nilisoma mara mbili. Kilihamishwa. Nani alikihamisha? Maneno hayo hayana mtu ndani yake. Ni kama kijiji kiliondolewa na upepo. Na wenyeji "wakitazama", kama watu waliokuja kuangalia ngoma.

Bibi hakusema kwamba mtoto yule ndiye bibi yake. Alisema, "Anaweza kuwa yeye." Kisha akanyoosha mkono, akaweka kidole kwenye ile sketi.

"Usiguse, tafadhali," akasema mwangalizi wa chumba, kijana aliyevaa sare.

"Ni karatasi hiyo," nikamwambia.

"Hata karatasi, mama. Samahani."

Yule simlaumu, alikuwa kazini. Lakini sauti zetu zilimgeuza mtu mwingine, bwana mrefu aliyekuwa akizungumza na wenzake wawili wenye kamera. Alikuwa msimamizi wa maonyesho yenyewe. Aliposikia Bibi anatoka wapi, uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeokota dhahabu.

"Wewe ni kizazi cha kijiji kile? Hapa, London? Hili ni jambo la ajabu kabisa! Unaweza kutuambia maneno machache mbele ya kamera?"

Bibi aliniangalia. Nikamwambia, "Sema, Bibi. Ndiyo nafasi yenyewe." Nilimwambia hivyo kwa moyo mweupe. Nilidhani wanataka kusikia.

Wakamkalisha kwenye benchi, picha ile nyuma yake, wakambandika kipaza sauti kwenye kola. Na alisema! Mie nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera, nimeshika koti lake, na mengine sikuwahi kuyasikia hata kwenye kahawa zetu. Alisema mama wa bibi yake alifagia nyumba asubuhi ya siku ilipovunjwa. Aliifagia yote, chumba kwa chumba, akamwaga maji mlangoni. Majirani wakamuuliza kama amepata wazimu, nyumba inavunjwa sasa hivi unaifagia ya nini? Akajibu, "Sitaki wageni waikute chafu." Alisema juu ya makaburi, kwamba mifupa ya baadhi ya watu ilichukuliwa na jamaa zao kwenye mashuka, na mingine haikupatikana tena. Alisema kwamba nyumba mpya zilikuwa zimepangwa vizuri, mstari mmoja, na kwa miaka mingi wazee walipotea njia wakirudi nyumbani usiku, kwani miguu yao ilikuwa ikienda kule kwa zamani.

Bwana yule aliitikia kwa kichwa, kwa upole, muda wote. Mwisho akauliza, "Na leo, ukiviona vitu hivi vizuri hapa London, unajisikiaje?"

Bibi alikuwa mgeni pale, na mtu mwenye adabu. Umeingia nyumba ya mtu, umekalishwa, umeulizwa kuhusu alichoandaa, utajibu nini? Akasema, "Ni vizuri. Ni vizuri sana. Kila mtu aje aone."

Tukashukuriwa, tukapewa kadi yenye picha ya ile sanamu ya shaba, tukarudi nyumbani. Kwenye treni Bibi alikuwa mwepesi. Alinisimulia mpaka habari za mchumba wake wa kwanza.

Baada ya wiki chache binti yangu akaja jikoni na simu yake. Binti yangu amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini akikujibu ni kwa Kiingereza. Akasema, "Mama, huyu si Yaya?"

Alikuwa yeye. Tangazo la maonyesho. Muziki wa fidla, mawingu yakipita juu ya nguzo za hekalu, halafu uso wa Bibi na mikunjo yake yote, akitabasamu: "Ni vizuri. Ni vizuri sana. Kila mtu aje aone." Chini yake maneno: *Kizazi cha Delfi kinakukaribisha.* Kisha saa za kufungua milango. Basi. Hakuna ufagio, hakuna askari, hakuna mifupa kwenye mashuka. Walichukua yale ya adabu wakayatupa yale ya kweli.

Damu ilinipanda. Nilimwambia binti yangu azime, kisha nikamwambia awashe tena, kisha azime. Nilitaka kwenda kwa Bibi na nikaogopa kwenda. Lakini yeye alikuwa ameshaliona tangazo. Kanisani walimpongeza, wakamwambia amekuwa nyota. Nilimkuta amekaa mezani, taa haijawashwa, makopo ya mnanaa yamekauka nje.

"Wamekuonyesha?" nikamuuliza.

"Wamenionyesha."

Nikaanza kutukana kwa Kiswahili, kwani Kiingereza changu hakina matusi ya kutosha. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Unajua wamefanya nini, mwanangu? Bibi yangu hakuwapa ruhusa. Mama yake hakuwapa. Sasa ni kama mimi ndiye nimewapa. Kwa niaba yao wote, na ninacheka."

Maneno yale yaliniingia mahali pabaya, kwa sababu mie nilikuwa na yangu. Pemba ni kwa mama yangu; nyumba aliyozaliwa baba yangu, Mji Mkongwe, Unguja, ilichukuliwa baada ya mapinduzi, na leo ni hoteli. Baba alikuja London na sanduku moja, akafanya kazi ya ukarani mpaka akastaafu, akazikwa huku. Nyumba ile hakuitaja ila akiwa na homa. Mara ya mwisho nilipokwenda Unguja nilisimama mlangoni pale kama mtalii mwingine yeyote, na kijana wa kutembeza wageni akawa anawaambia kwa Kiingereza kizuri, "Nyumba hii ilikuwa tupu, inaoza, ikafufuliwa." Ilikuwa tupu! Shangazi zangu saba walikuwa wakigombania dirisha la mbele siku za Idi.  Nilinunua chupa ya maji nikaondoka. Kwa hiyo hasira niliyokuwa nayo jikoni kwa Bibi, sehemu yake ilikuwa ya zamani, na ilikuwa imekaa ikingoja.

Nilipiga simu makumbusho mpaka nikapewa nafasi ya kumwona yule bwana. Ofisi yake ilikuwa na dirisha kubwa na vitabu mpaka darini. Akanikaribisha vizuri. Akaniletea chai ambayo sikuinywa.

"Tumefurahi sana jinsi jirani yako alivyopokelewa," akasema. "Watu wamempenda."

"Wamempenda nani? Mliyemwonyesha si yeye. Alisema mengi, mkabakisha salamu tu."

"Naelewa unavyohisi. Lakini tangazo ni kitu kifupi. Watu siku hizi hawana subira. Tulihitaji sauti ya matumaini."

"Alipokuwa anawasimulia habari za makaburi, uliitikia kwa kichwa. Ulikuwa unaitikia nini?"

Akashusha pumzi. "Hakuna anayekataa kwamba kuhamisha kijiji kulikuwa na changamoto zake."

Changamoto! Hata kwetu neno hili limeenea kama moshi wa jikoni. Mtu akivunjiwa nyumba ni changamoto, akikosa maji ni changamoto, akifiwa utasikia changamoto. Nilimwambia, "Bwana, changamoto ni mvua siku ya harusi. Ukiletewa askari uvunjiwe nyumba, hilo lina jina lake."

"Na sayansi ingepoteza kiasi gani kama kijiji kingebaki?" akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na makali. "Uliona mwenyewe vitu vile. Ungetaka vibaki chini ya jiko la mtu?"

"Sikuja kukuambia mrudishe udongo," nikasema. "Hata yeye hataki hivyo. Nimekuja kukuambia mseme. Mna ukuta mzima pale chini. Neno 'kilihamishwa' limechukua nafasi gani? Ongezeni 'na askari'. Maneno mawili."

Akasema maandishi ya ukutani yalipitishwa na kamati, hayabadilishwi katikati ya maonyesho. Lakini tangazo, kama limemuudhi jirani yangu, wangeliondoa. Akasema kwa namna ya mtu anayetoa sadaka.

Nilirudi nikidhani nimeshinda. Bibi akanisikiliza, akakataa.

"Wakiliondoa itakuwa sikusema kabisa," akasema. "Waniwekee yote niliyosema. Au wanipe video mimi mwenyewe."

Binti yangu akawaandikia kuomba ile picha nzima ya video. Jibu lilikuja haraka: ni mali ya makumbusho. Mali! Habari ya mwanamke aliyefagia nyumba yake, imetoka kinywani mwa kitukuu chake, na sasa ina mwenyewe mwingine. Nilizunguka jikoni nimeshika mwiko, sijui ninapika nini.

Bibi hakuzunguka. Akasema, "Basi nitakwenda kusema tena. Mdomo wamenichukulia? Ninao."

Tulikwenda Jumamosi ya mwisho ya maonyesho, sisi watatu. Pamejaa watu. Bibi akaketi kwenye benchi lile lile mbele ya picha, mkoba mapajani, akawa anawatazama watu wanaopita. Nilidhani ameghairi. Wakaja mume na mke, watu wazima, wakasimama kusoma yale maandishi. Mke akasoma kwa sauti, "Wenyeji wakitazama."

"Hawakuwa wakitazama," Bibi akasema.

Yule mama akageuka. "Samahani?"

"Hawakuwa wakitazama tu. Hiyo ni nyumba yake. Keti, nikuambie."

Akaketi. Bibi akaanza, na hakuinua sauti hata kidogo. Kwa sababu hiyo watu wakalazimika kusogea. Kwanza wale wawili, kisha familia moja yenye gari la mtoto, kisha wasichana waliokuwa na madaftari ya kuchorea, kisha watu wengine nyuma yao waliotaka tu kujua wenzao wanasikiliza nini. Nilimwona mwangalizi wa chumba, yule yule wa siku ya kwanza, anakuja. Akafika, akasikia, akasimama, akageuza uso kuangalia taa za darini.

Habari lazima zilifika juu kwa njia nyingine, kwani alitokea mwanamke mwenye redio ya mawasiliano mkononi, na nyuma yake yule bwana mrefu. Mwanamke akasema mazungumzo yasiyopangwa hayaruhusiwi, na kwamba tunazuia njia.

"Njia ile pale," nikamwambia. "Mtu anapita na gari la mtoto. Kinachowasumbua ni nini? Njia au maneno?"

"Mama, tafadhali usipaze sauti."

"Sijaanza kupaza. Mlimbandika kipaza sauti hapa hapa, kwenye benchi hili, mkamwambia aseme. Leo anasema bure, imekuwa kosa?"

Bwana mrefu akaniita kando kwa mkono. Sikwenda. Akainama kwa Bibi, akamwambia kwa upole kwamba angefurahi kupanga siku nyingine, kwa utaratibu, pengine mwakani, kuwe na mazungumzo rasmi kuhusu jamii na urithi.

"Mwakani," Bibi akasema. "Unajua nina umri gani?"

Mtu mmoja katika kundi akasema, "Mwacheni amalize." Wengine wakaunga mkono, si kwa kelele, ni ile miguno ya watu wa hapa wanaoona haya kugomba lakini wameudhika. Yule bwana akasimama wima. Nilimwona anapima, kamera za simu ziko wapi, binti yangu ameshika ya kwake juu. Akarudi nyuma hatua moja.

Na Bibi akamaliza. Alimalizia na mama yule na ufagio wake, na maji aliyoyamwaga mlangoni. Alipofika kwenye "sitaki wageni waikute chafu", mwanamke wa mwanzo akaweka mkono mdomoni. Hakuna aliyepiga makofi, nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Kisha tukatolewa. Walitutoa yule mwanamke mwenye redio na walinzi wawili, kwa lugha nzuri, mpaka mlango wa mbele, na bwana mrefu akatusindikiza kwa macho kutoka juu ya ngazi. Nilisema peke yangu mpaka kituo cha basi. Bibi alikuwa na njaa. Tukala viazi vya kukaanga kwenye karatasi, tumekaa kwenye ukingo wa dirisha la duka, yeye na koti lake la kanisani.

Wiki iliyofuata lile tangazo liliondolewa. Hatukuambiwa. Siku moja lilikuwepo, siku ya pili halikuwepo, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Maandishi ya ukutani hayakubadilishwa mpaka maonyesho yanafungwa. Yale mazungumzo rasmi ya mwakani mpaka leo hayakutajwa tena, nami sikuulizia. Wapo watu, hata wa kwetu wa Edgware Road niliowasimulia, wanaoniambia, "Shoga, si basi, mlisikilizwa, imekwisha." Haikwisha. Watu wangapi walisimama mbele ya benchi lile Jumamosi ile, na wangapi waliopita ukuta ule miezi yote wakasoma "kilihamishwa" wakaenda zao kununua kadi?

Video ya binti yangu ilitoka mbaya, vichwa vya watu na sauti ya gari la mtoto. Kwa hiyo alasiri moja akamwambia Bibi, safari hii kwa Kiswahili chake cha kuvunjika ambacho Bibi hata hakijui, kisha kwa Kiingereza, kwamba anataka kumrekodi nyumbani, yote, bila kukata hata neno. Bibi akakubali kwa sharti moja: atasema kwa Kigiriki. Kwa Kiingereza, alisema, anakuwa na adabu mno.

Tukakaa jikoni kwake. Binti yangu akaegemeza simu kwenye bakuli la sukari, kisha akaona haisimami, akaishika kwa mkono. Bibi alianza taratibu, mikono imekunjwa. Hatukuelewa neno, ila pale alipotaja jina la kijiji au aliponyoosha kidole, kana kwamba mlima uko nyuma ya jokofu. Kisha sauti yake ikabadilika. Akapiga meza kwa kiganja. Akasimama, na nyonga yake ile mbaya, akazungumza amesimama, uso umeiva, akimwonyesha kidole mtu ambaye hakuwemo chumbani. Mate yalimtoka. Sikuwahi kumwona hivyo, na nilijua kwamba kule kwenye benchi, siku zote mbili, alikuwa amejizuia.

Binti yangu akanitazama juu ya simu, mkono umeanza kumchoka, akaniuliza kwa macho kama azime. Nikamtikisia kichwa kukataa. Mwache.